Kijiko Upande wa Kushoto

Upepo wa Trieste unaitwa bora,
na hakuna aliye bora unapovuma:
padri hushika kofia, mlevi hushika mlingoti,
na kwenye kona za mteremko zilifungwa kamba
ili vikongwe wasipeperushwe.

Nives Cossutta hashiki kamba. Ameshika daftari.
Kazi yake ni kukumbuka:
kahawa ilifika wapi kikombeni kabla ya "Kata!",
kifungo cha tatu kilikuwa wazi au la,
sigara ilikuwa mkono gani, imebaki urefu gani.
Miaka thelathini na moja, filamu arobaini,
na hakuna kikombe kilichowahi kumdanganya.

Safari hii wanapiga riwaya.
Kurasa mia tatu, zote ndani ya kichwa cha mke mmoja
anayeshuku kwamba mumewe, mfamasia mpole,
humtilia kitu kwenye kahawa.
Kitabu hakisemi kama ni kweli.
Kitabu kinaweza. Kina huenda, kina labda,
kina nilidhani nimesikia.
Kamera haina labda.
Mkono umo kwenye picha, au haumo.

Duilio, mwongozaji, hapati usingizi.
Anapiga mara mbili: mkono ukitia, mkono usipotia.
"Nitaamua mwishoni," asema, maana yake
hajui.

Jioni Nives hupanda ngazi tisini na nne hadi nyumbani.
Tullio amekwisha kupika kahawa. Miaka yote hupika yeye.
Kijiko kiko kushoto.
Jana kilikuwa kulia.

Mwingine asingeona. Yeye hulipwa kuona.
Jumanne: kopo la sukari limesogea, linagusa ukuta.
Alhamisi: viti vimepangwa kama askari.
Ijumaa kikombe kimejaa hadi ukingoni,
kidole cha shahada cha Tullio ni chekundu kama kilichoungua,
naye, amesimama hatua mbili tu, anauliza kwa sauti laini,
"Umeshakunywa?"

Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako.
Huko kwao wana kufuli.

Akaanza kupiga picha jikoni mwake
kwa ile kamera ya kazini inayotema picha papo hapo.
Akazificha ndani ya riwaya, ukurasa wa 212,
pale mke anapomimina kahawa kwenye chungu cha maua
na kungoja ua life.
(Ua halikufa. Wala halikustawi. Mwandishi yule alikuwa mkatili.)
Naye akamimina, kwenye mrehani wa dirishani.
Mrehani ukainamisha kichwa. Lakini ilikuwa Februari,
dirisha bovu, na bora haina huruma.

Oktoba, onyesho la kwanza.
Sinema kuukuu, viti vinalia.
Duilio ameamua. Mkono unaonekana,
mkubwa kama mlango, chembe nyeupe zinadondoka moja moja,
na ukumbi mzima unazuia pumzi.

Gizani Tullio anautafuta mkono wa mkewe, anaukosa,
anashika koti, anashika tiketi, kisha anaupata.
"Nives," ananong'ona. "Amemtilia, au hakumtilia?"

Kijiko ukingoni, pale kiganja kinapofika kwanza.
Viti, mstari wa kupapasa hadi jikoni.
Kidole kikipima kimo cha kahawa ya moto.
Umeshakunywa?

Miaka thelathini na moja ya kulipwa kuona.

Anamtazama. Mwanga wa pazia unacheza usoni pake,
na macho yake yameelekea kando kidogo,
kwenye spika.

"Kitabu hakisemi," anamjibu.
Kisha anasogea hadi bega liguse bega,
na kwa sauti ya daftari lake, polepole, anaanza:
"Sasa amekaa. Gauni la kijani, kifungo cha tatu kiko wazi.
Ameinua kikombe.
Mkono wa kulia."